Wamenipa ulezi, mimi nilikuja kupiga gitaa

Dada mshauri habari za kazi, pole na majukumu. Mimi ni mwanaume wa miaka 51, naishi Buhongwa hapa Mwanza, niko stoo kwenye kiwanda kimoja cha samaki, nina mke na watoto watatu, wawili wameshajitegemea. Jina langu naomba usilitoe maana hao vijana nitakaowasema hapa wanasoma sana mambo yako.

Ni hivi. Gitaa nilifundishwa na mjomba kule Sengerema nikiwa sekondari, kodi tatu nne za kwaya basi, yaani zile nyuzi unazobana na kupiga pamoja, alafu maisha yakaingia, kazi, ada, ujenzi, unajua mwenyewe. Mtoto wa pili alipomaliza chuo nikasema sasa na mimi nijinunulie kitu, nikachukua gitaa la mbao lile la kuchomeka waya, nikawa napiga jioni sebuleni. Mke wangu akavumilia weee mwisho akasema baba watoto hebu katafute wenzako mpige wote, huo wimbo hapa nyumbani hata kuku wameshaukariri.

Nikaelekezwa kwa watu wanaokutana Jumamosi mchana Kirumba, kwenye ua wa mmoja wao. Sio bendi, ni watu wanaopenda muziki tu, kuna fundi simu, kuna dereva boda, wanachuo wawili wa SAUT, na dada mmoja anauza vitenge ndo anaimba. Wana dramu chakavu, tumba, besi na gitaa la solo. Utaratibu wao mwenye wimbo anaanzisha, anataja ki, yaani sauti wimbo unapokaa, wengine wanaingia mmoja mmoja. Siku ya kwanza walinipokea vizuri mno, shikamoo mzee, kiti, maji ya kunywa, nikapiga nao nyimbo za dansi za zamani na siku hiyo kwenye daladala kurudi Buhongwa nilikuwa nacheka peke yangu kama mwehu.

Baadae amplifaya yao ikawa inakata kata, nikatoa laki nne na nusu tukapata moja ya mtumba lakini nzima. Nilitoa kwa moyo kabisa sikuombwa. Ila baada ya hapo uzi ukikatika ni mimi, soda ni mimi, na kwenye grupu la wasapu wakaniandika Mlezi. Nikaona ni heshima nikakaa kimya.

Sasa kuna Jumamosi katikati ya wimbo nikaona kama sijisikii. Nikasema ni kelele za dramu. Wimbo umeisha wenzangu wameenda kwenye ndoo ya maji, nagusa nyuzi inatoka sauti ya mbao tu. Kuangalia amplifaya, voliyumu ya upande wangu iko sifuri. Nikairudisha, nikasema labda mtu kagusa bahati mbaya. Jumamosi iliyofuata nikawa naangalia kwa jicho la pembeni. Wimbo wa pili tu, yule kijana wa solo akarudi kinyumenyume kama anacheza, mkono ukapita nyuma ya mgongo, akazungusha mpaka mwisho, alafu akaniangalia anatabasamu ananipa dole, mzee uko vizuri!

Dada, niliendelea kupiga. Mtu mzima na akili zangu nimepiga gitaa lisilosikika mpaka saa kumi na mbili jioni, na nilipoondoka nikawaaga vizuri kabisa. Hayo nimemwambia mke wangu peke yake na sasa wewe.

Juzi kati wamepata harusi ya kupiga Sengerema, kwetu kabisa, kwa watu wanaonijua toka nina kaptula, na siku hizi ni daraja tu la Kigongo-Busisi hakuna kusubiri kivuko na vyombo. Nilifurahi, nikafanya mazoezi mpaka vidole vikawaka moto. Mwenyekiti wao akanifuata kwa adabu zote akasema mzee wewe kama mlezi wetu tumeshaongea na kamati, utakaa meza kuu na wazazi, tutakutambulisha. Yaani mimi meza kuu, amplifaya niliyonunua jukwaani.

Mke wangu anasema hao wanakula hela zako chukua chombo chako rudi nyumbani. Rafiki yangu kazini anasema nenda kwaya ya kanisani kwenu wanatafuta mpigaji siku nyingi. Ila mimi moyo wangu uko Kirumba na hapo ndo napochanganyikiwa, nijitoe, niongee, nibebe amplifaya, au nikubali tu muziki ni wa vijana? Na kingine kinachonikosesha usingizi, hivi mimi ni mbovu kiasi cha kuzimwa?

Mlezi asiyesikika, Buhongwa


MSHAURI ANAJIBU

Kaka yangu wa Buhongwa, pole. Kuna watu watasoma barua yako wacheke pale kwenye dole, na mimi nilikaribia, alafu nikakuwaza umesimama unapiga mpaka jioni huku unajua, cheko likakata. Ile ni fedheha, na imekuuma zaidi kwa sababu ilifanywa na watu wanaokuamkia.

Nikikuelewa vizuri, ulienda Kirumba kutafuta wenzako wa kupiga nao, bila haraka ya kuwa nyota. Ukawapata, ukawasaidia chombo, ukapewa cheo, na toka upewe cheo gitaa lako linasikika kidogo kidogo mpaka sasa limehamishiwa meza kuu. Sasa unashindwa kujua ulichopoteza ni nini, ni hela, ni heshima, au ni ile raha ya kwenye daladala. Mimi nadhani unachokililia ni hiyo ya daladala, ila wewe ndo unajua, nirekebishe kama nimekosea.

Kabla hatujafika kwenye kujitoa, twende kwanza kwenye ile voliyumu. Umeisoma kama dharau, na inaweza kuwa dharau kweli. Ila gitaa la mbao la kuchomeka waya lina tabia moja mbaya, ukisimama nalo karibu na spika ile sauti ya spika inarudi inatikisa ubao wa gitaa, gitaa linaituma tena kwenye spika, inazunguka hivyo mpaka ukumbi unalia mluzi. Ukiwa kwenye ua mdogo wa Kirumba na dramu iko hapo na ukuta uko hapo, mtu wa solo akisikia mluzi unaanza kitu cha kwanza anachofanya ni kupunguza gitaa la mbao. Je, spika ilikuwa mgongoni kwako? Uliwahi kusikia huo mluzi kabla hujazimwa? Sisemi ndo jibu, maana mtu anayezuia mluzi hana haja ya kuficha mkono, nasema tu hili uliangalie kabla hujamhukumu mtoto wa watu.

Jambo la pili ni namna unavyopiga. Umesema kodi za kwaya za mjomba. Kama ni zile za kufagia nyuzi zote sita kutoka juu mpaka chini, kwaya zinakaa vizuri sana kwa sababu gitaa linakuwa peke yake linabeba waimbaji. Kwenye dansi haiko hivyo. Sikiliza nyimbo za zamani hizo hizo mnazopiga, kuna solo, kuna ridhim, kuna besi, wengine wanaongeza mi-solo katikati, na kila mmoja anapiga vitu vichache tu kwenye eneo lake, anaacha nafasi mwenzake aingie. Mtu mmoja akifagia zote sita muda wote, anamfunika besi kwa chini na solo kwa juu, hata kama hajakosea kodi hata moja. Kwahiyo unaweza usiwe mbovu kabisa na bado ukawa unawasumbua. Dawa yake ipo na sio ngumu, nunua kapo, kile kibanio cha shingo ya gitaa, bana freti ya 5 alafu upige maumbo yako ya G, inatoka C lakini iko juu, imepisha besi, na upige nyuzi tatu nyembamba tu. Jaribu sebuleni uone inavyokaa tofauti.

Na la tatu, ambalo huenda likawa ndo lenyewe, ni mapigo. Anayepiga peke yake nyumbani akichelewa kufika kwenye kodi, wimbo unamsubiri. Anasimama kidogo, anapanga vidole, anaendelea, hata hajui kama amesimama. Kwenye kundi wimbo hausubiri mtu. Hii imewakuta karibu wote waliojifunza gitaa sebuleni. Jumamosi ijayo weka simu yako irekodi, usiiweke miguuni kwako, iweke upande wa dramu, ukifika nyumbani sikiliza kwa hedifoni peke yako. Utaumia dakika tano za kwanza alafu utajua ukweli wako mwenyewe bila kuambiwa na mimi wala na mkeo. Kama unachelewa, kuna programu za metronomu, zile za kuhesabu mapigo, za bure kwenye simu, anza mapigo 60 kwa dakika, na ukipotea usisimame, acha kodi iliyokupita ingia kwenye inayofuata.

Sasa rudi kwa huyo kijana. Tuseme kweli ulikuwa unatoka nje ya mapigo. Kijana wa miaka ishirini na kitu amwambieje mzee wa miaka 51, aliyemwamkia mlangoni, aliyemnunulia amplifaya, na soda ya huyo mzee iko mkononi mwake? Huku kwetu Usukumani umwambie mtu wa umri wa baba yako "mzee unatuharibia"? Mdomo hautafunguka. Mwenzake wa rika lake angemwambia oya unakimbia bana, wakacheka, yakaisha. Wewe hawakuweza kukwambia hivyo wakatumia mkono wa nyuma, na lile dole, mimi nahisi kabisa, lilikuwa la kujitetea. Simtetei, alichofanya ni kibaya. Ila fikiria kama heshima yote ile mliyopeana ndo imewanyima mdomo.

Na hapo ndo nakuja kwenye ulezi. Mkeo anasema wanakula hela zako. Wifi nina mashaka naye kidogo hapa, japo hasira yake naipenda, maana ndo huyo huyo aliyekusukuma utafute wenzako na sasa anaona wamekurudisha umevunjika. Lakini angalia mpangilio wa barua yako mwenyewe, walikupa kiti na maji siku ya kwanza, kabla hujatoa hata mia. Hela ilikuja baadae na uliitoa bila kuombwa. Kilichotokea ni kwamba ulivyotoa wakakutafutia nafasi ya mtu anayetoa, na kwenye vikundi vyetu nafasi hiyo ipo tayari toka zamani. Timu ya mtaa ina mlezi, kwaya ina mlezi, hata kikoba kina mlezi. Mlezi anatambulishwa, anaongea maneno mawili, anakaa mbele. Hakuna siku umeona mlezi wa timu anaingia kucheza namba tisa. Kwahiyo mwenyekiti alipokwambia meza kuu, kichwani kwake amekupandisha, na nina uhakika alirudi kwa wenzake akasema mzee amefurahi. Wewe ulimwonyesha kwamba hukufurahi? Kwenye barua sijaona mahali umemwambia mtu yeyote pale Kirumba kwamba unataka kupiga. Umenyamaza kwenye voliyumu, ukanyamaza kwenye cheo, ukanyamaza kwenye meza kuu. Sikulaumu kaka, nauliza tu wangejuaje.

Kitu kingine ambacho sijui kama umekiona ni kwamba kikundi chenyewe kimebadilika. Ulijiunga na watu wanaokutana kujifurahisha. Harusi ni kitu kingine, kuna kamati, kuna MC, kuna mtu amelipa. Wewe mtu wa Sengerema unaijua Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma pale Bujora, Kisesa, mwezi wa 6, makundi mawili ya Bagika na Bagalu wanavyocheza wakati mmoja na watazamaji wanahama upande huu kwenda ule, aliyevuta wengi ndo mshindi. Pale hakuna anayemwonea huruma mchezaji mzito. Alafu kuna ngoma ya bugobogobo, ile iliyotoka shambani, ngoma inapigwa watu wanalima, kasi na asiye na kasi wote wako kwenye mstari na jembe. Vijana wako wanaelekea kwa Bagika na Bagalu, na ni haki yao, wana umri wa kutafuta. Swali ni kama na wewe unataka kwenda huko, au ulichokipenda ni ile ya kulima. Ukijibu hapo mengi yanajipanga yenyewe.

Sasa uamuzi. Ukiamua kuongea, ongea na kijana wa solo peke yake, sio mbele ya kikundi na tafadhali sio kwenye wasapu, maana ukiandika kule utajibiwa na watu kumi na wewe utaonekana mzee anayedai. Mtoe mkashuke mpaka Mwaloni mnywe chai, umwambie kitu kama "mdogo wangu, niliona siku ile umenipunguza, sijakasirika, nataka uniambie kama unavyomwambia mwenzako, nakosea wapi?" Mwite mdogo wangu, sio mwanangu, inasaidia. Hatari yake ni mbili. Anaweza akakataa katakata kwa aibu, hapana mzee wewe uko vizuri, na utabaki pale pale ila sasa na yeye anajua unajua. Au anaweza akakwambia kweli, na kweli yenyewe ikawa kali kuliko ulivyojiandaa. Kama moyo bado una kidonda subiri kwanza usikilize ile rekodi.

Ukiamua kubeba amplifaya, ni yako na hakuna wa kukuzuia. Lakini ukiibeba wiki ya harusi, anayeumia ni bibi harusi wa Sengerema ambaye hakukuzima popote, na kwenu watasimulia hivyo miaka. Ukiiacha bila kusema kitu nayo itakula ndani kwa ndani, kila ukisikia wamepiga mahali utahesabu laki nne na nusu. Kuna njia ya katikati ambayo watu wa vikundi wengi hawaipendi kwa sababu inaonekana ya kutokuaminiana, mkae muandike, hii amplifaya ni zawadi, ni mkopo, au ni mali yako wanayoitumia? Na kama wanaanza kupiga kwa malipo wataulizwa usajili wa BASATA, lile Baraza la Sanaa la Taifa, watakuwa na hesabu za kugawana, bora hilo la chombo liwe limeshakaa kwenye karatasi kabla hela haijaanza kuingia.

Kwaya ya kanisani siipuuzi. Pale ufagiaji wako wa nyuzi sita ndo hasa unaotakiwa, wimbo unarudiwa mazoezini mpaka kila mtu anaujua, na mapigo yako yangenyooka haraka. Ila kwaya nayo ina mambo yake, mazoezi katikati ya wiki usiku, mwalimu mkali, ugomvi wa sare, na sebene hakuna, au ipo kwa kujificha. Ukienda kwa sababu umeipenda, nenda hata kesho. Ukienda kwa kumkimbia kijana wa solo, nakuona Jumamosi mchana uko kanisani masikio yako Kirumba. Na hakuna aliyesema lazima uchague moja.

Kuna kitu hujakitaja, hapo Buhongwa na Mkolani huwezi kukosa wawili watatu wa umri wako wenye gitaa juu ya kabati. Mnaweza mkaanza taratibu kikundi chenu, nyimbo za polepole, hakuna harusi hakuna amplifaya. Inaweza ikafa baada ya wiki kadhaa, vitu hivi vingi vinakufa, mmoja anapata msiba mwingine anapata zamu. Hata ikifa utakuwa umepiga na watu wanaokwambia oya unakimbia.

Kuhusu harusi, kati ya kupiga usiku mzima na kukaa meza kuu usiku mzima kuna kuomba wimbo mmoja. Mmoja tu, ule unaoujua mpaka kuku wanaujua, uombe mapema na mfanye nao mazoezi. Wakikubali, utapiga mbele ya watu waliokujua na kaptula, ni furaha kubwa na ni presha kubwa pia, ukipotea utapotea mbele yao. Wakikataa angalau utakuwa umesema kwa mdomo wako unachotaka, na wao watakuwa wamekujibu kwa mdomo wao. Unaweza pia ukakaa tu meza kuu ukala pilau yako, ukatambulishwa, na mambo ya nani anapiga Jumamosi ukayapeleka Kirumba wiki inayofuata. Hilo nalo sio kushindwa.

Hilo la muziki ni wa vijana nalipita haraka maana naona hata wewe huliamini. Bi Kidude alifariki 2013 akiwa bibi kizee, na uzeeni huko alikuwa bado anapanda majukwaa. Umri wako sio ishu hapa. Ishu ni kama kasi ya hawa wa Kirumba ndo kasi unayoitaka.

Jumamosi hii nenda kama kawaida, ila soda usinunue, uone inakuwaje, na spika iweke mbali na mgongo wako. Alafu nina swali moja naomba ulijibu peke yako kabla hujaniandikia tena. Mwenyekiti akija leo na laki nne na nusu mkononi akasema mzee hela yako hii hapa, amplifaya tumekulipa na ulezi tumeufuta, wewe sasa ni mwanachama kama sisi, ukichelewa unapigwa faini ukikosea unaambiwa, je Jumamosi inayofuata ungeenda?